Mapigo Mawili, Mapigo Manne

Lugha yetu haimwonei huruma mtu mchaguzi. Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Na sisi wa mwambao, tunaoishi chini ya minazi, tukaongeza kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali zote mbili zinamhimiza mtu ashike kilicho karibu, aanze kazi. Nimezifundisha darasani miaka mingi bila kuzitilia shaka. Lakini mwaka jana nilikaa miezi minne nikichagua kati ya pikipiki mbili, na katika miezi hiyo nilianza kuhisi kwamba wahenga walikuwa wakisema na mtu mwenye majembe mengi ghalani. Mwenye fedha za jembe moja tu, na shamba lake liko mbali, hana budi kuchagua, tena achague kwa makini.

Naandika habari hii mbele ya washairi na wapenzi wa lugha kwa sababu kilichokata shauri mwishoni kilikuwa neno. Bei, nguvu ya injini na ushauri wa mafundi vilinifikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki nilivushwa na msamiati.

Ninakaa Zinga, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Upande wetu wa bahari ni Mlingotini, ambako akina mama hulima mwani na wavuvi huegesha boti zao karibu na mikoko. Ukielekea kaskazini utaifikia Bagamoyo, na ukiupita mji huo ukavuka Mto Ruvu, unaingia katika nchi ya tope jeusi na vijiji vilivyotawanyika, njia ya kuelekea Saadani. Katika kijiji kimojawapo cha ng'ambo hiyo anaishi bibi mmoja aliyehifadhi kichwani tenzi mbili alizofundishwa na mama yake. Sijaziona tenzi hizo katika kitabu chochote. Ameniomba nisilitaje jina lake wala la kijiji chake, nami naliheshimu ombi hilo.

Bibi huyu ana saa yake. Hasomi asubuhi, kwa kuwa asubuhi ni ya shamba. Hasomi adhuhuri, kwa kuwa adhuhuri ni ya kivuli na usingizi. Husoma baada ya swala ya alasiri hadi karibu na magharibi, akiwa amekaa ukumbini juu ya mkeka, na mdogo wake nyuma yake. Mdogo huyo alikuwa ndiye kitabu cha akiba. Bibi alipokwama, nduguye alimpokea kwa neno moja au mawili, na utenzi ukaendelea kana kwamba haukukatika.

Mara mbili za kwanza nilikwenda kwa bodaboda ya kukodi kutoka Bagamoyo. Dereva alikuwa kijana mwema, na bei tuliyokubaliana ilikuwa ya haki. Lakini ilimpasa arudi kabla ya giza, maana njia ile haina taa na mvua ilikuwa inanyemelea. Alikaa chini ya mwembe akitazama simu, na kila baada ya kitambo aliigusa honi, kidogo tu, kwa adabu. Nilimwona bibi anavyobadilika. Alianza kuzikimbiza beti, akafupisha pumzi, na mahali pamoja akaruka kutoka kisa kimoja hadi kingine bila daraja. Mara ya pili aliponiaga aliniambia, "Mjukuu wangu, mwenzio ana haraka. Uje siku ambayo hungojwi na mtu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye pikipiki. Waliotutangulia katika kazi ya kukusanya tungo walilijua jambo hili. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka mwambao akikusanya miswada ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila muswada uliokabidhiwa ulimhitaji kwanza mtu wa kufika, kuketi, na kutokuwa na haraka. Mimi nilikuwa na hamu, daftari na kinasa sauti cha simu. Nilichokosa ni uwezo wa kuchelewa.

Akiba yangu wakati huo ilikuwa Sh 1,500,000. Rafiki zangu wote walinishauri ninunue pikipiki ya kawaida iliyotumika, ya aina ambayo vijana wanaifanyia kazi ya bodaboda, na ushauri wao haukuwa mbaya. Pikipiki hizo ni imara, mafundi wake wako kila kona, na spea zake zinauzwa hata dukani kwa muuza sukari. Tatizo lilikuwa ng'ambo ya Ruvu. Gurudumu lao la mbele ni dogo, inchi 17 au 18, na madigadi yake yanalikumbatia tairi kwa karibu sana. Tope jeusi likilowa hujisokota ndani ya madigadi hayo kama unga wa ugali kwenye mwiko, likajaa, na gurudumu likakataa kuzunguka. Nimemwona dereva wangu akishuka mara tatu katika safari moja, akichokoa tope kwa kijiti. Nilihitaji pikipiki yenye gurudumu kubwa mbele, madigadi yaliyoinuliwa juu, injini iliyo mbali na ardhi, na tairi zenye meno. Lakini pia iweze kukimbia kwa amani kwenye lami kutoka Zinga hadi Bagamoyo, kwa sababu nusu ya safari yangu ni lami.

Hapo ndipo nilipokutana na upungufu wa kwanza wa kilugha. Aina hii ya pikipiki tunaiitaje? Kwa vyombo vya usafiri, Kiswahili hakijawahi kuwa bahili. Tuna pikipiki, neno lililotokana na mlio wa chombo chenyewe. Tuna tukutuku, ambalo nalo ni mlio uliogeuka jina. Tuna bodaboda, lililozaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli za kuvushia watu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Daladala ilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano. Lugha yetu hulikamata neno, hulirudufu, na kulipanda. Mahali ambapo haikurudufu, iliazima jina la kiwanda: bajaji ni Bajaj, na katika sehemu nyingi za Tanzania pikipiki za Kichina ziliitwa toyo, hata zile ambazo hazikutoka kwa kampuni yenye jina hilo. Jirani zetu wa Kenya wana nduthi. Lakini kwa pikipiki hii yenye miguu mirefu, inayokwenda lami na kichakani, sikupata jina moja. Mmoja aliniambia ni pikipiki ya bwana shamba, mwingine pikipiki ya mradi, wa tatu pikipiki ya padri. Kila mmoja aliitaja kwa mtu aliyewahi kumwona akiiendesha.

Majina hayo matatu yalinionyesha mahali pa kutafuta. Pikipiki mpya za aina hii sikuweza hata kuzigusa. Bei ya ile ndogo kabisa niliyoulizia ilizidi mara tatu ya akiba yangu. Nikaanza kuwatafuta wastaafu na watu wa miradi iliyokwisha. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nimebaki na mbili. Ya kwanza ilikuwa Yamaha DT 125, mali ya mwenye boti mmoja Mlingotini, kwa Sh 1,300,000. Ya pili ilikuwa Honda XL 125, mali ya bwana shamba mstaafu aliyeinunua katika mnada wa mradi mmoja, kwa Sh 1,900,000. Kadi zote mbili zilikuwa na majina ya wauzaji wenyewe; asiye na hakika na jambo hilo asitoe hata shilingi.

Ukizitazama kwa mbali utadhani ni ndugu. Zote zina gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma. Zote hupozwa kwa upepo, huwashwa kwa kupiga kiki, na kila moja ina uzito wa takriban kilo 100, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuiinua ikianguka. Hata cheni ni namba moja, 428, ile ile ya bodaboda nyingi. (Vijana wa leo wakisikia mtu anapiga kiki hudhani anatafuta umaarufu mitandaoni. Wajue kwamba kabla ya wasanii, kiki ilikuwa ya mguu.)

Tofauti yao imo ndani ya injini, nayo ni tofauti ambayo mtu wa mizani anaielewa upesi. Honda ni injini ya mapigo manne. Pistoni hushuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli, hupanda ikiibana, husukumwa chini na mlipuko, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Mapigo manne, mlipuko mmoja. Yamaha ni ya mapigo mawili. Kupanda mara moja na kushuka mara moja kunatosha kuikamilisha kazi yote, kwa hiyo inalipuka kila mzunguko. Haina vali wala tapeti. Ndani yake mna vitu vichache vinavyocheza, ni nyepesi, ni chachu, na mtu mwenye spana tano anaweza kuifungua kichwa chini ya mti. Lakini ina deni lake: oili yake huungua pamoja na petroli. Oili ikikatika, pistoni hushikwa na joto ikaganda ndani ya silinda, na mafundi watakuambia kwa neno moja kwamba injini imenoki.

Tunajua sisi kwamba mshororo wa mizani nane na mshororo wa mizani kumi na sita waweza kubeba maana ile ile. Kinachotofautiana ni mahali pa kuvuta pumzi. Nilipoziendesha zote mbili kwenye njia ya mchanga kutoka barabara kuu kwenda Mlingotini, niliihisi tofauti hiyo kiunoni. Yamaha haikupumzika. Ililia kwa sauti nyembamba, na nguvu zake zilikuja juu, baada ya injini kuchangamka. Honda ilinguruma kwa utulivu, ikavuta tangu chini, na nilipoachia mafuta kwenye mteremko, injini yenyewe ilinishika kama mkono wa mzee begani.

Nilifanya hesabu kama ninavyowafundisha wanafunzi, kwa kalamu na karatasi. Wauzaji wote wawili waliniruhusu kupima lita moja moja ya petroli. Honda ilinipeleka kilomita 38, Yamaha kilomita 26. Kwa mwendo wangu wa kilomita 500 hivi kwa mwezi, na petroli ikiwa takriban Sh 3,000 kwa lita, Honda ingeniokolea Sh 18,000. Nikiongeza oili ya kuungua ya Yamaha na kutoa oili ya kubadilisha ya Honda, faida ya Honda ilibaki kama Sh 19,000 kwa mwezi. Lakini Honda ilizidi bei kwa Sh 600,000. Ingechukua miezi 32 kuirudisha tofauti hiyo. Zaidi ya hayo, Yamaha ingeniachia Sh 200,000 mkononi za tairi, kofia ngumu, bima na gharama za kadi, nami ningeweza kuondoka nayo siku ile ile. Honda ilinitaka ningoje hadi baada ya masika, nikiongeza akiba kutoka mshahara hadi mshahara. Kwa hesabu, basi, Yamaha ilishinda.

Nilikwenda kwa fundi. Hapa kwetu wapo mafundi wa aina mbili: wa bodaboda, wanaokaa kando ya barabara kuu, na wa boti, wanaokaa pwani. Fundi wa boti alifurahi mno kuiona Yamaha. Mashine nyingi za boti za wavuvi wetu ni za mapigo mawili, na yeye amezifungua tangu ujanani. Aliiweka ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari. "Ringi zimechoka kidogo, mwalimu," alisema, "ila roho yake nzima." Nilimwuliza majina ya kila kitu, naye akayataja bila kusita: kichwa, gasketi, pistoni, ringi, pini, kabureta, plagi. Kila kimoja kilikuwa na ugonjwa wake na kitenzi chake. Plagi hulowa, kabureta hukohoa, klachi huteleza, gasketi huvuja, injini hula oili. Nikaandika kurasa mbili. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuinunua Yamaha moyoni.

Ila neno moja lilibaki likinikera, nalo ni oili. Mwenye pikipiki alikuwa ameiziba pampu ya oili iliyokuja na chombo, akawa anachanganya oili na petroli kwa mkono, kama afanyavyo kwenye boti. Nilimwuliza ni oili gani. "Oili ya mashine," alijibu. Fundi alipolisikia jibu hilo alikunja uso. Alinieleza kwamba oili ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari, ambayo haifikii joto kubwa. Pikipiki inapozwa na upepo tu, na kwenye mchanga mzito hata upepo huo ni haba. Huhitaji oili inayostahimili joto kali zaidi, ile wanayoiita ya tu-ti ya pikipiki. Chupa hufanana, rangi hukaribiana, na watu wa pwani huziita zote kwa jina moja. Neno moja limefunika vitu viwili, na ringi zilizochoka huenda zilitokana na mfuniko huo. Nimefundisha habari za maneno yenye maana zaidi ya moja kwa miaka mingi; sijapata kuwa na mfano bora kuliko huo.

Wiki iliyofuata nilikwenda ng'ambo ya Ruvu kwa bodaboda, safari hii bila kufika kwa bibi. Nilisimama katika vijiwe vinne vya njiani, na katika kila kimoja niliuliza swali moja: nikiishiwa oili ya tu-ti hapa, nitaipata wapi? Kijiwe cha kwanza waliniletea oili ya injini ya kawaida, na walishangaa nilipoikataa. Cha pili waliniuliza kama ni ya mashine ya kusaga. Cha tatu kijana mmoja aliruka na kusema, "Ya msumeno wa moto!" Alikuwa sahihi, kwa maana msumeno huo nao ni wa mapigo mawili, lakini mwenye msumeno alikuwa porini na chupa yake. Cha nne waliniambia nirudi Bagamoyo. Kisha niliuliza swali la pili: tapeti zikigonga, nani ataziseti? Katika vijiwe vyote vinne mtu aliinua mkono. Mmoja alinionyesha kabisa vipimo vyake, vipande vya bati alivyovikata mwenyewe. Sio kwamba walikuwa na spea za Honda XL, hawakuwa nazo. Walikuwa na lugha ya mapigo manne, kwa sababu pikipiki zao zote ni za mapigo manne. "Lete sampo," waliniambia, "tutafananisha."

Nilirudi Zinga nikiwa nimelipata jibu langu. Yamaha ilikuwa na maneno yote kwetu pwani, tena maneno matamu, lakini nikivuka mto ingekuwa bubu. Honda haikuwa na bingwa wake Mlingotini, ila huko niendako angepatikana mtu wa kuelewa inachosema. Na chombo hakiharibikii nyumbani pekee. Mara nyingi huharibikia kule kulikokifanya kinunuliwe. Yamaha si chombo kibaya. Ningekuwa mtu wa kuzunguka kati ya Mlingotini na Mbegani, ningeichukua siku ile ile na kumshukuru Mungu.

Nimelitafakari jambo hili tangu hapo, kwa sababu washairi tunafanya uchaguzi huo kila siku na mara nyingi tunauamua vibaya. Tunalipenda neno kwa jinsi linavyolia nyumbani kwetu. Tunalisifu kwa ukale wake, kwa lahaja yake, au kwa kuwa limo katika kamusi moja adimu, kisha tunalipeleka mahali ambapo likiharibika hakuna wa kulitengeneza. Upande wa pili wapo wanaodhani kwamba neno likipitishwa na wataalamu linatosha. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limetupa istilahi nyingi za thamani, nami ninazitumia. Lakini sote tuliona jinsi ngamizi na tarakilishi zilivyosuasua mbele ya kompyuta, ilhali barua pepe ilipenya hadi vijijini. Neno linalodumu ni lile ambalo watu wa huko liendako wanaweza kulifungua, kulisafisha na kulifunga tena kwa spana zao wenyewe. Fundi wa kijiwe cha pili hajui kuwa klachi ilitoka ng'ambo. Kwake klachi ni neno la Kiswahili lenye ngeli, lenye wingi, na lenye tabia ya kuteleza siku za mvua.

Kungoja kuligharimu. Masika yalikuja kwa nguvu. Kwa wiki nyingi sehemu za njia ya ng'ambo zilikuwa chini ya maji, na hata madereva wa bodaboda waliizira. Mwishoni mwa mvua nilikuwa na Sh 1,950,000. Bwana shamba mstaafu alikubali kupokea Sh 1,800,000 baada ya mazungumzo marefu ambayo yalihusu mihogo kuliko pikipiki, akaniongezea tairi moja ya mbele iliyotumika kidogo. Zawadi hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu tairi ya inchi 21 hupatikani vijiweni. Sharti uifuate Dar es Salaam. Yamaha ilikuwa imekwisha kuuzwa. Naiona mara kwa mara ikipita na ndoo za samaki, ikilia vile vile.

Safari ya kwanza na Honda niliondoka Zinga baada ya adhuhuri. Ng'ambo ya Ruvu tope lilikuwa limeanza kukauka juu lakini chini bado ni uji, na gurudumu kubwa lilipita mahali ambapo zamani tulikuwa tukishuka. Nilifika alasiri ikiswaliwa. Nilipiga hodi, nikamwamkia bibi, naye akaniitikia marahaba, akachungulia nyuma yangu kuona kama kuna mtu chini ya mwembe. Hapakuwa na mtu. Kisha nami niliona kwamba mkekani kwake alikuwa peke yake. Mdogo wake alifariki katikati ya masika, na alizikwa siku ambayo njia ilikuwa imefungwa na maji.

Nilitoa rambirambi, tukakaa kimya. Sikulitoa daftari. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nimelisahau.

Alisoma hadi magharibi, akaswali, akasoma tena kwa taa. Hakuziruka beti safari hii. Mahali alipokwama, alinyamaza na kugeuka nyuma kidogo, kwa mazoea, akingoja kupokelewa. Mara nyingine neno lilimrudia mwenyewe. Mara nyingine halikurudi, naye aliniambia niache nafasi. Katika daftari langu mna nafasi kumi na moja katika utenzi wa kwanza, nami nimeziacha wazi, kila moja na urefu wake wa mizani, bila kuzijaza kwa ubunifu wangu. Utenzi wa pili tumefika nusu. Nimekwenda mara sita sasa. Mara moja tapeti ziligonga nikiwa njiani kurudi usiku, na kijana wa kijiwe cha tatu aliziseti kwa mwanga wa simu, akakataa malipo zaidi ya soda.

Kuna jambo moja ambalo bado halijapata ufumbuzi, nami nawageukia ninyi, malenga na wapenzi wa lugha. Pikipiki hii bado haina jina. Mimi katika maandishi yangu nimeanza kuiita pikipiki ya lami na vumbi, lakini najua hilo ni maelezo, bado si jina. Huko mliko, Lamu, Mombasa, Unguja, Songea, Bukavu au Maskati, mnaiitaje? Niandikieni neno, mtaje na kijiji au mtaa linakotumika. Nitayaingiza katika daftari lile lile lenye tenzi za bibi, kuanzia ukurasa wa nyuma.